Ziara zibaki, mbio ziishe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ziara za boti za kutazama pomboo zipigwe marufuku. Mimi ni mzaliwa wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na ni mwaka wa kumi na moja sasa napeleka wageni baharini. Jibu langu ni hapana. Cha kukomesha ni kuwakimbiza pomboo na kuwarukia.

Wanaotaka marufuku wasisahau tulikotoka. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa papa, na chambo chake kilikuwa nyama ya pomboo. Ndivyo mambo yalivyokuwa huku kwetu hadi katikati ya miaka ya 1990. Wageni walipoanza kuja, wazee wakaona kwamba pomboo aliye hai analeta riziki kila kukicha, na aliyechinjwa huliwa na papa mara moja tu. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, bahari yetu hii ya kusini, ikafanywa eneo la hifadhi. Ziondoeni boti leo, na vijana wengi watarudi kwenye jarife, wavu mkubwa wa kunasia samaki. Jarife halichagui: pomboo akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa maji kama binadamu.

Lakini njooni mtazame asubuhi moja ya msimu wa wageni. Nahodha wa kwanza akiona mapezi anampigia simu mwenzake, na punde boti kumi zimelizunguka kundi moja. Kila mmoja anataka kuwatangulia pomboo ili wageni wake waangukie mbele yao. "Ruka! Ruka!" Wageni wanaruka, pomboo wanazama, wanaibuka mbali, nasi tunawafuata tena. Nimeyafanya hayo mara nyingi, na yananiuma.

Kuna jike mmoja tunamjua kwa pengo lililo kwenye pezi lake la mgongo. Siku moja alikuwa na mtoto mchanga, bado ana ile mistari iliyopauka ubavuni, alama ya kukunjwa tumboni. Mama alikuwa akizama kukwepa boti, mtoto anachelewa, anaibuka peke yake upande wa pili, karibu na mkono wangu, akipumua haraka haraka: pfu, pfu, pfu. Nikazima mashine. Wageni wakanung'unika, maana walilipia kuogelea. Boti nyingine zikaendelea na mbio, na sikujua mtoto yule alimfikia mama yake saa ngapi.

Pomboo hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha hunyonyesha kwa muda mrefu, hivyo mtoto mmoja akipotea, ni kazi ya miaka iliyopotea. Watafiti waliowachunguza pomboo wa huku kusini walichapisha matokeo yao mwaka 2010: boti za watalii zikiwapo, pomboo huacha kupumzika na kuanza safari. Manahodha hatukuhitaji kuambiwa. Tunawaona wakichoka.

Ningependa boti zisizidi mbili kwa kundi, ziende ubavuni na si mbele, na pakiwa na mtoto mchanga mtu yeyote asiingie majini. Ukikaa kimya na mashine imezimwa, mara nyingine pomboo wenyewe husogea kuichungulia boti, na mgeni anayeyaona hayo hasahau.

Ila msitubebeshe manahodha peke yetu. Safari inauzwa mjini, na papasi (madalali wanaowatafuta watalii mitaani) au na hoteli, kwa ahadi ya kuogelea na pomboo. Mgeni akifika ufukweni ameshalipa, na nahodha anayekataa kukimbiza hapati bakhshishi, na kesho hapewi wageni. Anayeuza safari ndiye wa kwanza kubanwa: auze kutazama. Njia ya kuja huku imejaa vibao vyenye picha ya mtu aliyemshika pomboo pezi. Kama mamlaka zinatafuta pa kuanzia, zianze na vibao hivyo.

Msomaji, Kizimkazi