Unatafuta babu aliyeishi kwenye boti za mfereji Uingereza? Anza na boti yenyewe

Mlio wapya kwenye haya mambo ya kutafuta ukoo, hasa sisi tulioolewa huku Uingereza na watoto wanauliza upande wa baba yao umetokea wapi, sikilizeni jamani, mimi nimehangaika miaka mitatu na miwili ya mwanzo nilipoteza bure kabisa.

Babu yake mama mkwe alikuwa mtu wa boti za mfereji, yaani njia ya maji iliyochimbwa kupitisha mizigo, boti zile nyembamba, upana mita 2 na kidogo, urefu kama mita 21, anabeba makaa ya mawe maeneo ya Birmingham, farasi anavuta kutoka kando ya maji na familia yote inalala kwenye kijichumba cha nyuma. Mimi nikawa nakomaa na jina lake tu. Hao watu hawana anwani, wengi kusoma hawajui, karani anaandika jina alivyolisikia, mtoto huyu kabatizwa mji huu na mdogo wake mji mwingine kabisa, popote boti ilipofungwa kamba.

Boti sasa, hiyo ndiyo ilikuwa na makaratasi. Sheria ya 1877 ilitaka boti ya mfereji inayoishi watu isajiliwe, rejista inaonyesha jina la boti, mwenye mali, nahodha, na watu wangapi wanaruhusiwa kulala humo kwa umri na jinsia, na ubavuni lazima ipakwe rangi namba na mahali iliposajiliwa. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote omba picha za zamani kwa wazee. Mama mkwe alikuwa na moja kwenye kopo la biskuti, miaka yote tunaangalia sura ya babu na farasi wake, siku moja nikaiskani nikazumu nyuma ya bega lake, namba hiyo hapo! Nililia, sioni aibu kusema.

Ukishapata namba nenda kwenye nyaraka za mji uliosajili, sio mji mnaodhani ndio kwao. Na angalia sana, majina ya boti yanajirudia mno, halafu boti ikiuzwa inaweza kusajiliwa upya na namba ikawa nyingine, basi linganisha jina, namba na mwenye mali kwa pamoja, usikubali kimoja tu.

Makumbusho ya mifereji pale Ellesmere Port nako wana rekodi za vipimo vya boti. Ushuru wa kupita mfereji ulilipwa kwa tani za mzigo, karani anashusha kijiti cha kupimia ubavuni kuona boti imezama kiasi gani halafu anasoma uzito kwenye jedwali la boti hiyo hiyo. Jina la babu unaweza usilikute humo, ila boti utaifuata.

Sensa za 1881 mpaka 1911 zipo, ila tafuta kwenye orodha za vyombo vya majini, wanahesabiwa pale walipolala usiku ule. Kama njia yao ilipita kijiji cha Braunston kaangalie na vitabu vya kanisa, familia nyingi za boti zilioana na kuzikana hapo.

Sisi rejista ilituonyesha boti imeruhusiwa mume, mke na watoto wawili. Sensa ikatupa watoto watano. Mama mkwe akahesabu kwa vidole, wa tano alikuwa mama yake.