Ziwa limefunguliwa, sangala hagusi chambo: nimtafute wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Navua kwa mshipi hapa Katonga, Kigoma, mtumbwi mmoja, tuko wawili. Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa katikati ya Agosti, baada ya uvuvi kufungwa miezi mitatu, tulikwenda moja kwa moja nje ya ncha ya Bangwe, pale pale tulipokuwa tukitoa sangala wakubwa mwezi wa tatu, kina cha pima 25. Usiku nne tumepata kuhe wawili na migebuka wa mboga tu. Wenzangu wanasema kule kufungwa kumewahamisha sangala, wamekwenda Kongo. Nimeazima mashine ya kuonyesha samaki. Juu inaonyesha alama tele, chini hakuna kitu. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kongo hawajaenda, ndugu yangu. Mahali hujakosea, umekosea kina. Mwezi wa tatu na Agosti si ziwa moja.

Sangala ninayemsema hapa ni huyu wetu wa chini, si sangara wa Victoria aliyepandikizwa kule miaka ya 1950. Ni ukoo mmoja, ila wetu ni mzawa wa Tanganyika na tabia zake ni tofauti. Akiwa mdogo hukaa kwenye majani ya pwani; akikomaa hushuka, hulala karibu na sakafu kwenye mteremko, na hushuka mpaka pale oksijeni inapomruhusu. Hapo ndipo penye jibu lako. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, lakini maji yenye uhai ni gamba la juu tu. Huku kwetu kaskazini oksijeni huishia kwenye mita 100 na kidogo. Chini ya hapo hakuna samaki hata ukishusha mshipi mpaka kesho. Nilipokuwa kijana kazini niliwahi kukesha nikivua kwenye maji yaliyokufa, nikidhani sina bahati.

Sasa, kuanzia Mei upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya moto ya juu kuyaleta kaskazini. Kule Mpulungu, ncha ya kusini ya ziwa, maji ya baridi hupanda. Huku kwetu tabaka la moto hunenepa na kuyakandamiza yale ya baridi yashuke. Samaki wa sakafuni naye hupata nafasi ya kushuka. Kwa hiyo pima 25 ya mwezi wa tatu, yaani mita 45 hivi, kwa Agosti naiona ni juu mno. Mimi ningeanza pima 35, nikashuka hadi 50, pima tano kwa tano, nusu saa kila kituo.

Mshipi wako ufunge alama kila pima tano kwa uzi wa rangi. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, iguse chini kwanza, kisha uinue pima moja, usiiache ilale kwenye tope. Chambo kiwe samaki hai. Kikirudi kimekufa bila jeraha wala alama ya jino, na chubwi imetoka na tope linalonuka yai bovu, umepita mpaka wa hewa. Panda pima kumi uanze upya. Angalizo: ukiwa karibu na mdomo wa mto Luiche tope linaweza kunuka hata kwenye maji mafupi kwa sababu ya uozo unaoletwa na mto. Hapo amini chambo, usiamini pua.

Nije kwenye mashine, maana naona imewapoteza wengi. Zile alama za juu ni dagaa, na zile nene chini yao pengine ni migebuka. Sangala haonekani kwa sababu mteremko wa Bangwe ni mkali na mwale wa mashine si uzi, ni kama mwanga wa tochi: unapanuka. Mwale wa nyuzi 20, ukifika mita 80, unafunika duara la karibu mita 28. Kwenye mteremko, ukingo wa juu wa duara hilo hujibu kwanza, na mashine huuchora kama ndio sakafu. Samaki aliyelala chini zaidi ndani ya duara humezwa na mchoro huo. Basi usipige mashine ukitoka pwani kwenda kilindini. Fuata mteremko kwa urefu wake, polepole, na kama ina chaguo la masafa weka kilohezi 200, mwale wake huwa mwembamba. Tafuta ngazi, yaani mahali mteremko unapolegea kidogo kabla ya kuanguka tena. Ukiipata ngazi kati ya pima 35 na 50, tia nanga juu yake hata kama kioo hakionyeshi kitu.

Usiku mambo hubadilika: sangala huinuka kuwafuata dagaa. Siku za giza, meli za taa zikiwa kazini, kaa pembeni ya taa, mbali na nyavu za watu, ushushe pima 15 hadi 20. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazitoki na dagaa hutawanyika. Rudi chini kwenye ngazi.

Septemba upepo ukikatika, lile tabaka lililokandamizwa hurudi likipita na kuyumba kama bembea, mzunguko mmoja kwa wiki tatu hadi nne. Ngazi iliyokulisha leo inaweza kukaa kimya wiki mbili kisha ikafunguka tena. Andika kwenye daftari: tarehe, pima, upepo, samaki.

Kuhusu kufungwa kuhamisha samaki, hapana. Tulipofunga kwa mara ya kwanza pamoja na Burundi, Kongo na Zambia, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, lengo lilikuwa wapumzike na kuzaliana, na upepo wa Mei huvuma ziwa lifungwe lisifungwe.

Jambo la mwisho. Samaki anayevutwa kutoka pima 45 hufika juu tumbo limevimba na utumbo umetokeza mdomoni. Ukimrudisha ataelea na kunguru ndio watakaofaidi. Kwa hiyo wakianza kutoka wadogo mfululizo, usikae hapo ukichagua. Ng'oa nanga ushuke pima tano.