Pesa za Riyadh na presha ya mamangu

Nilifanya kazi za nyumbani Riyadh miaka minne. Nikipiga simu Kilifi nilikuwa na maswali mawili: pesa zimefika? Mmekula nini? Mamangu akijibu "wali na kuku," moyo ulitulia. Nilijua jasho langu haliendi bure.

Niliporudi likizo nilimkuta miguu imevimba. Zahanati wakampima presha: 178 kwa 104. Kumbe alipewa vidonge miaka miwili nyuma, vikaisha, na kwa kuwa kichwa hakikumuuma tena hakurudi kuchukua vingine. Nilimuuliza kwa nini hakunambia. "Ningekwambia ungefanya nini, mwanangu, na wewe uko kwa watu?"

Nililia, maana mengine niliyataka mwenyewe. Ni mimi niliyemwambia aache shamba, tutamlipa kibarua. Ni mimi niliyesema asitembee juani, apande boda. Sima na mchunga vikaonekana chakula cha shida, wanangu wakazoea chipsi na soda. Chupa ya nusu lita huwa na gramu 50 za sukari au zaidi, nacho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikipite kwa siku nzima. Wangu walikuwa na miaka 6 na 9.

Wewe uliye huko, usiulize tu "hujambo." Mzee atajibu hajambo hata akiwa hoi, kwa kukuonea huruma. Uliza namba: presha ilikuwa ngapi, vidonge vimebaki vingapi, tarehe ya kliniki ni lini. Pesa ya kliniki itume peke yake, na umtaje mtu wa kumpeleka, kwani mama akiachiwa achague kati ya kliniki na karo ya mjukuu, atalipa karo. Kama bosi wako anakunyima simu, kubaliana na ndugu mmoja nyumbani awe anauliza kwa niaba yako. Na usimpumzishe mzee mpaka akose cha kufanya. Mwache na kuku wake na mchicha wake.

Sasa mimi niko nyumbani, mdogo wangu ndiye yuko Jeddah. Saa zao na zetu ni sawa, kwa hiyo hupiga saa moja jioni, wakati wa kidonge. Tulinunua kipimo cha presha, mama anamsomea namba mwenyewe. Wiki jana ilikuwa 138 kwa 84. Habari za pesa huja baadaye.

Soda bado tunavutana. Mkubwa ana miaka 13 na anaikumbuka vizuri ile miaka ya kila siku. Nimekubali Ijumaa peke yake, chupa moja, wagawane.