Kobe kwa watoto wa shule

Mwalimu, umeuliza kama ni sawa ulete kobe darasani watoto wamshike, mi naona usitoe kobe porini, hiyo bila kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori Kenya, ni kesi, wapeleke tu Kisumu Museum, pale kuna kobe, mamba na nyoka. Waonyeshe vile kobe anarudisha kichwa ndani, waambie hata lile gamba linahisi likiguswa, mtoto akijua hivyo hatamrushia mawe. Lakini tafadhali sana, kobe anaweza kuonekana mzima kabisa na bado abebe salmonela, bakteria wa kuharisha, kwa hivyo akishikwa popote pale, kila mtu anawe na sabuni kabla ya kugusa mandazi, na hao wadogo wa chini ya miaka 5 waangalie kwa macho tu.