Mafuta mazito si dawa ya moteri iliyochoka

Juzi kijana mmoja wa Panzi ameniandikia hivi: "Jambo yaya, Premio yangu inakunywa mafuta ya moteri, kila juma naongeza. Fundi anasema niweke 20W-50 njo itaacha. Niweke ao niache?" Nikamwambia acha kwanza, nitaandika. Sikutaka kumjibu kwa maneno mawili kwa sababu hiyo 20W-50, mafuta mazito, imenitesa mimi mwenyewe, na najua si yeye peke yake mwenye hilo swali, magari mengi yanayopanda Nyawera asubuhi yako na moteri za miaka ishirini na zaidi, na wenyewe wanategemea hizo hizo gari kulipa minervali ya watoto.

Mimi naendesha Premio 1.8, ni gari ya kazi, inashuka Kamanyola kutafuta mchele na nyanya, kisha inapanda nayo Ngomo imejaa. Siku nilienda kuiangalia kwa muuzaji nilikuta moteri tayari iko na joto, ameshaiwasha kabla sijafika, imetulia vizuri, hakuna moshi, hakuna sauti, nikalipa. Vidanji ya kwanza, yaani kubadilisha mafuta, nikaweka 5W-30 vile kitabu cha gari kinasema, na hapo njo ukweli ukatoka: moshi wa buluu kila nikikanyaga kupanda, watu wa nyuma wananipigia honi, na ukichomoa joji, ile fimbo ya kupimia mafuta, unakuta yameshuka tena. Kumbe yule bwana alikuwa amejaza mafuta mazito kabisa pamoja na ile dawa ya chupa ndogo, ile inavutika, ili kuficha. Mpaka leo tukikutana barabarani ananisalimia "mama jambo", namuitika, lakini sijasahau.

Nikaipeleka garaji moja, sitaitaja. Nilienda na mdogo wangu wa kiume, na fundi tangu mwanzo anaongea na yeye tu. Pesa natoa mimi, gari imeandikwa jina langu, lakini maelezo anapewa mtoto ambaye hata permi hana. "Ambia yaya wako hii moteri imekufa, atafute ingine, ao kwa sasa tuweke 20W-50 asukume nayo." Wakaweka. Moshi ulipungua kweli, hiyo siwezi kukataa. Lakini sasa kila asubuhi nikiwasha nasikia kra-kra-kra kule juu ya moteri kabla haijatulia, nguvu ya kupanda ikapotea, esansi ikawa inaisha haraka, mwisho taa ya moteri ikawaka kwenye tablo. Nikirudi kuuliza wananiambia ni uzee, na wanamwambia tena mdogo wangu, si mimi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa Kadutu, hana hata kibao mlangoni. Yeye aliniuliza mimi. Swali lake la kwanza halikuwa unaweka mafuta gani, aliuliza moshi unatoka wakati gani: ukiwasha asubuhi, ukikanyaga kupanda, ao ukikanyaga tena baada ya kushuka mteremko mrefu umeachia esansi? Kwa sababu moshi wa buluu wa asubuhi, ule unatoka kidogo na kuisha, mara nyingi ni vile vipira vya valvu vimekauka na mafuta yanachuruzika usiku. Wa baada ya mteremko pia mara nyingi ni huko huko kwenye valvu. Ule wa kukanyaga ukiwa unapanda ni segma za pistoni, zile pete zinazozuia mafuta yasipande kuungua. Mweusi ni esansi inaungua vibaya, mafuta ya moteri hayahusiki. Na mweupe mzito usioisha hata moteri ikishika joto, hapo angalia maji kwanza.

Kisha akafungua bulo moja nyuma ya kichwa cha moteri, akatoa kichujio kidogo cha waya, hakizidi ncha ya kidole. Akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kimezibwa na uchafu mweusi ulioganda, hata mwanga haupiti. Hicho kichujio ni cha mafuta yanayoenda kwenye VVT-i. Hapa naomba mnielewe vizuri: kwenye moteri za VVT-i mafuta hayana kazi ya kulainisha tu, yanasukuma pia kile chombo kinachobadilisha saa za kufungua valvu, na yanakaza cheni. Njia zake ni nyembamba. Ukiweka mafuta mazito na machafu unaiambia moteri inyonye busera nzito kwa mrija, halafu unashangaa kwa nini haina nguvu ya kupanda.

Akachomoa na valvu ya PCV, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Ikiwa nzima inalia tak-tak ukiitikisa. Ikiziba, pumzi ya ndani ya moteri inakosa pa kutokea, inasukuma mafuta kwenye jwenti, vile viziba vya maungio, yavuje, mengine yanapelekwa kuungua. Ni kitu kidogo, bei ndogo kabisa, na pale garaji ya kwanza hakuna mtu aliyeigusa, walikuwa wameshaihukumu moteri yangu kufa.

Moteri yenyewe ni 1ZZ-FE, iko ndani ya Premio, Allion, Corolla na Avensis nyingi za wakati ule, na zile za miaka ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Matobo ya kurudishia mafuta kwenye pistoni ni madogo, yanaziba na kaboni, segma ya chini inakwama, mafuta yanabaki kwenye ukuta wa silinda yanaungua. Toyota baadaye akabadilisha pistoni. Sasa niambieni, mafuta mazito yatafungua hayo matobo namna gani? Yanafunika tu. Na yakiwa ya bei chini, ukayaacha humo muda mrefu, yanaongeza ile ile kaboni.

Tulichofanya: tukasafisha kichujio, tukaweka PCV mpya, tukamwaga ile 20W-50, tukaweka 10W-40 semi-sentetiki, filtri mpya, na kwa muda nikawa nafanya vidanji kila kilometa 3,000 ili mafuta mapya yasafishe polepole. Mzee alikataa kabisa ile dawa ya kuosha moteri kwa dakika kumi, anasema kwenye moteri yenye uchafu wa miaka inabandua vipande vikubwa vinaenda kuziba kichujio cha pampu ya mafuta, na hapo njo moteri inakufa kweli. Leo iko juu ya kilometa 300,000, kra-kra imeisha, na safari ya juzi ya Kamanyola nimepanda Ngomo na magunia nyuma, nikapima kesho yake asubuhi, joji karibu haikusogea. Bado inakunywa kidogo, segma haziwezi kurudi kuwa mpya, lakini inafanya kazi kila siku na inanilisha, na wale waliosema imekufa wanaiona inapita mbele ya mlango wao.

Sasa namba za kwenye bidoni. Ya kwanza, ile yenye W, inasema mafuta yanavyotembea moteri ikiwa baridi. Ya pili inasema unene wake kwenye joto la digri 100. Huku Bukavu tuko karibu mita 1,500, usiku ni baridi ya kujifunika lakini haigandishi, na mafuta ya 20W yanapimwa kwa kuwashia moteri kwenye digri 15 chini ya sifuri, kwa hiyo usiogopeshwe na mtu anayekuambia bila 0W gari haitawaka hapa. Ile ya pili njo ya kuangalia sana. Mafuta ya 30 yako kati ya sentistoki (kipimo cha unene) 9.3 na 12.5, ya 40 yanaenda mpaka 16.3, ya 50 mpaka 21.9. Yaani ukiruka toka 30 mpaka 50 unaweza kuwa umezidisha unene mara mbili kwa siku moja, na moteri ni ile ile, njia ni zile zile, pampu ni ile ile.

Kwa hiyo panda ngazi moja moja. Anza na kile kitabu kinasema. Kama inakunywa, kwanza tafuta pale inavuja, angalia PCV, fanya vidanji za karibu karibu. Kama bado, nenda 10W-40, kisha 15W-40, na kila mara pima kilometa kadhaa kabla ya kubadilisha tena. 20W-50 haijalaaniwa, iko na mahali pake: moteri za zamani rahisi, hazina VVT-i, zimelegea, taa nyekundu ya mafuta inapepesa ukiwa ralanti (gari imesimama, moteri inazunguka polepole) baada ya kupanda kilima kirefu. Lakini hata hapo, kabla ya kunenepesha mafuta, fundi aweke manometa apime presha kweli, kwa sababu inaweza kuwa kisoma presha kimekufa na moteri ni nzima. Wenye Hiace za mazutu za zamani, 15W-40 ya dizeli inawatosha, msihangaike, ila vidanji isichelewe kwa sababu mazutu inachafua mafuta haraka.

Kuna herufi pia kwenye bidoni, za daraja la mafuta, na watu hawazisomi. S ni ya esansi, C ni ya mazutu. SL ni ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020, na ile mpya inaweza kuingia kwenye moteri ya esansi ya zamani bila tatizo. Bidoni ikiandikwa CI-4/SL inaingia kote kuwili. Ikiandikwa CF-4 peke yake, hiyo iachie lori. Mimi afadhali nichukue marka isiyo na jina kubwa lakini SN imeandikwa wazi, kuliko jina kubwa ambalo nyuma hakuna herufi hata moja.

Na wale wanaosema sentetiki inatobosha moteri ya zamani: haitoboshi. Inasafisha, na kama uchafu njo ulikuwa umeziba pale jwenti imechoka, utaona tone chini ya gari. Jwenti ilikuwa imekufa tayari. Kuna hata mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya moteri zilizotembea sana, Valvoline alianza na MaxLife mwaka 2000, yanalenga gari zilizopita kilometa 120,000 hivi, yana dawa ya kulainisha vipira vilivyokauka na ya kusafisha zaidi. Ukiyapata na ni ya kweli, chukua. Usipoyapata, semi-sentetiki nzuri inayobadilishwa kwa wakati inafanya kazi, nimeiona kwa gari yangu.

Kitu kinachoniuma ni joji. Watu wanagombana kuhusu marka, Total ao Shell ao nini, na tangu mwezi jana hawajachomoa joji. Jamani, moteri ya kilometa 250,000 haifi kwa marka, inafa kwa ukavu! Vitabu vya Toyota nyingi za miaka ile vinakubali mpaka lita 1 kwa kilometa 1,000, na kwenye gari nyingi ndogo kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja tu. Premio yangu inabeba lita 3.7 na filtri. Ukisubiri taa nyekundu ikuambie, umechelewa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, ao zima ungojee dakika tano, futa joji, rudisha, chomoa tena, soma. Na pima mahali pa tambarare! Huku kwetu parseli zote ziko kwenye mteremko, nyumbani kwangu gari ikilala imeinama joji inanidanganya, ndiyo maana mimi napima nikifika barabarani. Safari za kutoka Nguba mpaka mjini ndani ya ambuteyaji pia ni mbaya kwa mafuta, moteri haishiki joto vizuri, maji na esansi vinabaki ndani, kwa hiyo usidanganywe na bidoni iliyoandikwa kilometa 10,000. Kwa moteri zetu 5,000 ni nyingi ya kutosha. Mwenye gari anayekosa pesa ya filtri kila vidanji lakini ana pesa ya vifuniko vya viti, huyo mimi sina la kumwambia.

Mwisho ni pa kununulia. Mafuta ya kupima toka kwenye pipa sinunui, hata kama muuzaji ni rafiki, hakuna anayejua ni nini kimemwagwa humo. Bidoni iliyofungwa, angalia ile pete ya kifuniko, isiwe imekatika na kurudishwa, karatasi ya ndani iwe imeshikamana, tarehe na namba ziwe zimepigwa kwenye plastiki yenyewe na zisifutike ukisugua kwa kidole. Fungua mwenyewe mbele ya fundi, simama pale mpaka lita ya mwisho, hata akikuambia "mama ukae kwenye kiti". Na bidoni tupu usimuachie, kuna watu wanazinunua ili wazijaze tena, ile yangu naitoboa na kisu pale pale kabla sijaondoka.