Jibu la msomaji: Msumeno wa betri una mwenyewe, na wa petroli una mwenyewe

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, wakati umefika wa kuacha msumeno wa petroli na kununua wa betri?" Nawajibu kutoka Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni kupogoa na kuangusha miti kwenye nyua za watu, Nyali, Bamburi, Tudor, na mara nyingine ng'ambo ya kivuko huko Likoni. Misumeno ya aina zote mbili ninayo, na yote inanilisha.

Jibu langu ni kwamba kabla mtu hajauliza upi una nguvu, ajiulize msumeno wake utakaa bure kwa muda gani. Wa petroli huuawa na kukaa. Wa betri huuawa na joto na kazi isiyo na mapumziko. Mwenye nyumba anayekata tawi la mwembe mara chache kwa mwaka ni mtu wa betri. Anayekata magogo kutwa, mbali na stima, ni mtu wa petroli. Sisi tulio katikati ndio wenye hesabu ya kufanya.

Nianze na huo wa petroli, maana ndio unaosifiwa bila gharama yake yote kutajwa. Injini yake ni ya mipigo miwili. Haina oili yake peke yake kama ya gari, kwa hiyo petroli lazima ichanganywe na oili ya 2T, na kwa misumeno mingi ya siku hizi kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika na mashine inakwama. Ikizidi, plagi inajaa masizi na moshi unatanda ua mzima. Mchanganyiko huo ukiachwa ndani ya tangi miezi kadhaa, petroli huchacha na kuacha utandu unaoziba vitundu vya kabureta. Ndipo unapomkuta mwenye nyumba akivuta kamba mpaka bega linamuuma, na mashine aliyoinunua kwa pesa nyingi haitoi hata mlio. Huwa naitwa kukata mti, na nikifika naombwa nitazame kwanza msumeno wa nyumba. Nikiufungua, mara nyingi nakuta vyuma vyake ni vipya kabisa na kabureta ndiyo iliyooza.

Wa betri hauna ugonjwa huo. Utoe stoo baada ya miezi sita, utie betri iliyohifadhiwa ikiwa na chaji ya nusu hivi, bonyeza, unakata. Hakuna kamba ya kuvuta, hakuna plagi, hakuna chujio la hewa. Kinachobaki ni mnyororo na oili yake, na hapa wengi wanapotea, wanadhani wa betri hauhitaji oili. Unahitaji. Mnyororo wowote unaozunguka kwenye upanga wake, lile bamba refu la chuma, lazima ulainishwe, na kile kitangi cha ubavuni kikikauka, upanga unaungua na mnyororo unalegea. Kunoa nako ni kulekule, kwa tupa ya mviringo, ya milimita 4 kwa minyororo mingi midogo. Tena kwenye betri kunoa kuna uzito zaidi, kwa sababu mnyororo butu hunywa chaji. Ukiona msumeno unatema vumbi laini badala ya vibanzi, simama, toa betri, noa.

Watu wakibishana kuhusu nguvu, wanaisahau hesabu ya nishati. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Haifiki hata moja ya tano ya uniti ya tokeni, ambayo ni wati-saa 1,000. Kwa uniti moja ya stima unaijaza zaidi ya mara nne, hata ukitoa kile kinachopotea kwenye chaja. Lita moja ya petroli imebeba karibu uniti tisa, lakini injini ndogo ya mipigo miwili hugeuza sehemu ndogo tu ya hizo kuwa kazi. Nyingi hutoka kama joto, na mafuta mengine hupita kwenye silensa bila kuungua, ndiyo ile harufu inayobaki kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Nikilinganisha, tangi la msumeno mdogo wa petroli wa Stihl MS 170, ambalo ni la robo lita, hunifanyia kazi ya betri mbili hivi za aina niliyoitaja. Kwa hiyo mnyororo wa betri haukosi nguvu ya kuuma mti. Unachokosa ni akiba. Tangi hujazwa tena kwa muda wa kunywa maji, na betri humaliza saa nzima au zaidi kwenye chaja.

Bei ya mafuta nayo ina neno lake. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na Septemba 2023 lita ya petroli ilipovuka shilingi 200 sisi wakata miti tulilazimika kupandisha malipo, na wateja wakakasirika. Lakini ninayemshauri asidanganyike kwamba stima rahisi inamaanisha msumeno rahisi. Betri mbili nzuri na chaja zinaweza kugharimu kama msumeno wenyewe, na baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa betri ya lithiamu huanza kushika chaji kidogo kuliko ilipokuwa mpya. Anayeitumia mara chache kwa mwezi atakaa nayo miaka. Anayeimaliza na kuijaza mara tatu kwa siku ataingia dukani tena mapema, na atalia.

Halafu kuna joto la Mombasa, jambo ambalo vijitabu vya mashine hulipitia juujuu, na kwetu ndilo kubwa. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa za moto. Chaja nzuri huzikataa zikipita nyuzi 40 na kitu. Sasa fikiria msimu wa kaskazi, Februari, hewa yenyewe ni nyuzi 32 au 33, betri imetoka kwenye msumeno ikiwaka kwa kazi, na pikapu imeegeshwa juani. Ukiichomeka, taa inaonyesha ngoja, nayo inangoja kweli. Saa moja ya kuchaji inakuwa karibu mbili. Ninachofanya ni kuweka chaja kivulini, barazani penye upepo, na kuiacha betri ipoe kabla sijaichomeka. Nazungusha betri tatu ili moja iwe kazini, moja inapoa, moja inakula stima. Wapo wanaozitia kwenye friji zipoe haraka. Wasifanye hivyo, unyevu huingia kwenye viunganishi, na hewa yetu ya chumvi tayari inavila vya kutosha. Jioni natoa betri, nafuta vyuma vyake kwa kitambaa kikavu, nailaza ndani ya nyumba. Msumeno wa petroli haudai malezi hayo. Unaweza kushinda juani siku nzima, mradi tangi lisipikike.

Juu ya mti, hata hivyo, sitarudi kwenye petroli kwa matawi. Mkwezi wangu akiwa amejifunga kamba kwenye kilele cha mwarobaini, mguu mmoja kwenye panda, kuvuta kamba ya kuwashia injini ni hatari ya bure. Anahitaji mikono miwili kwa mashine na hana wa tatu wa kujishikia. Akiiacha ingurume kati ya tawi na tawi, moshi unampiga usoni na silensa ya moto inaning'inia pembeni ya paja lake. Msumeno wa betri hunyamaza anapoachia kidole. Akisema "Shika kamba, nakata la kulia!" namsikia, nami nikimwambia angoje kuna mtoto anapita, ananisikia. Katika kazi hii watu huumia kwa kutosikiana pia, si kwa mnyororo peke yake.

Ukimya huo una hatari yake. Mashine ya petroli hutangaza kwamba iko hai. Ya betri imelala kimya, kidole kikigusa pasipofaa inazunguka. Kwa hiyo sheria yangu kwa vijana ni moja na haina msamaha: hakuna kugusa mnyororo, kukaza wala kunoa, kabla betri haijatoka na kuwekwa chini wanapoiona. Vifuniko vya masikio navyo vinabaki. Msumeno wa petroli hufika desibeli 100 na zaidi kwenye sikio la anayeushika, wa betri uko chini ya hapo lakini nao unaweza kuvuka 85, na hapo ndipo madhara kwa masikio huanza kwa anayeshinda humo. Nafuu ni kubwa zaidi kwa jirani. Nilikuwa napogoa mkungu kwenye ua mmoja Mji wa Kale, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, bibi wa nyumba ya pili akatokea dirishani akasema, "Mwanangu, mtaanza saa ngapi?" Tulikuwa tumekaribia kumaliza. Mitaa ile yenye misikiti, madrasa na wagonjwa majumbani, hili si jambo dogo. Mikono nayo inashukuru. Waliokaa miaka mingi na petroli wanaijua ganzi inayobaki vidoleni usiku kwa mtikisiko wa injini.

Tukishuka chini kwenye shina, mizani inageuka. Mwembe ni mti mpole, mwarobaini wastani, na msumeno wa betri wenye upanga wa inchi 14 huwapita bila taabu wakiwa na unene wa paja. Mvinje ni habari nyingine, ni mgumu na mzito, na ukiwa mkavu hula betri kwa haraka inayokera. Mnazi unawahadaa wengi kwa sababu kati ni laini, lakini ganda lake la nje ni gumu na lina nyuzi zinazofanya mnyororo kuwa butu upesi. Shina nene la mkwaju au mvinje wa kugawa magogo ya kuni, hapo nawasha petroli bila kujiuliza, na nikimaliza tangi naongeza naendelea. Hata California, jimbo la Marekani ambako misumeno midogo ya petroli iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2024 imebanwa na sheria isiuzwe, ile yenye injini ya cc 45 na kwenda juu haikuguswa.

Nisieleweke kwamba stima ni mgeni katika kazi hii. Andreas Stihl wa Ujerumani, mwanzilishi wa kampuni ya jina hilo, alianza na msumeno wa umeme mwaka 1926, na wa petroli ukafuata mwaka 1929. Ule wa kwanza ulishindwa msituni kwa sababu ulihitaji waya, na msituni hakuna soketi. Betri imeukata huo waya, ila soketi bado inahitajika mahali fulani kabla jua halijachwa.

Na hapo ndipo hoja nzito zaidi dhidi ya betri ilipo, na nawaomba wenzangu wanaozisifu wasiipite. Mwezi wa Aprili na Mei, masika na kusi vinapoingia pamoja, miti huanguka usiku juu ya mabati, magari na barabara. Upepo uliouangusha mti mara nyingi ndio ulioangusha na nyaya, kwa hiyo stima nayo imepotea mtaa mzima. Mwenye betri moja iliyokaa bila chaji hana msaada kwa mtu. Mwenye betri mbili alizozijaza tangu mawingu yalipoanza kukusanyika anaweza kufungua njia gari la wagonjwa lipite. Na kama waya umelala kwenye tawi, msumeno wowote uwekwe chini mpaka Kenya Power wathibitishe wamezima laini. Mnyororo ni chuma, na mti mbichi uliolowa hupitisha umeme.

Nitaje pia ile misumeno midogo ya mkono mmoja inayouzwa mitandaoni kwa bei ya chini, imeandikwa 48V au 88V kwa herufi kubwa. Nimefungua betri zake. Ndani mna seli tano, na seli tano za lithiamu hutoa volti 18, zikijaa 21. Namba kubwa ubavuni ni za kuvutia macho. Kwa fito na matawi ya mkomamanga zinafaa, na sikatazi mtu, ila asizipandishe mtini wala asizitumie kuamua kwamba betri zote ni dhaifu.

Kwa msomaji mwenye ua na miti miwili mitatu: nunua wa betri, wa kampuni yenye fundi na vipuri hapa Mombasa, upanga wa inchi 12 au 14, na ukague kama betri yake inaingia kwenye mashine nyingine unazozihitaji, ya kufyekea nyasi au drili. Betri nunua mbili siku hiyohiyo. Miaka michache ikipita aina hiyo inaweza kuwa haitengenezwi tena, na msumeno mzima usio na betri hauna mnunuzi. Kwa kijana anayeanza kazi hii na ana pesa za mashine moja tu: nunua wa petroli wa cc 40 hadi 50, jifunze kabureta yake mwenyewe, na mwisho wa kila kazi isiyofuatwa na nyingine wiki ile, mwaga mafuta, uwashe mpaka uzime wenyewe. Wa betri wa kupandia mtini utaununua ukipata mkwezi wa kudumu, na umpe yeye auchague, maana ndiye atakayeushika huko juu.