Maswali ya wasomaji: Dada wa raketi ya vipele anatufunga wote

SWALI: Habari kaka mhariri. Niko Mtwara mjini, Shangani. Jioni tunacheza mpira wa meza vijana wengi tu, sasa kuna dada kahamia kikazi kutoka Dar anatufunga wote na wala hahangaiki, kaganda pale karibu na meza, ukipiga kwa nguvu mpira unarudi umekufa unaishia kwenye neti. Raketi yake upande mmoja ina vipele, vile vijinundu vya raba vilivyochomoza nje. Washkaji wanasema huo ni mchezo wa kike, sio mpira. Ni kweli wanawake wanacheza tofauti? Na tumfanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, tofauti ipo ila washkaji wanakosea kuidharau. Meza ni ileile ya mita 2.74, neti ileile ya sentimita 15.25, kinachobadilika ni unasimama wapi na mpira unaupiga saa ngapi. Wanaume wa kiwango cha juu wanarudi nyuma, wanauachia mpira ushuke kidogo halafu wanauzungusha kwa miguu na kiuno, topspini nzito, yaani mpira unazunguka kwenda mbele. Wanawake wengi wanaibana meza, wanaupiga ukiwa bado unapanda, bapa, haraka, hujajipanga umeshapita. Na kwa vile topspini ya upande wao kwa kawaida sio nzito kama ya wanaume, mtu wa vipele anaweza kuikabili vizuri, ndio maana vipele utaviona zaidi kwa wanawake. Deng Yaping wa China alikuwa na kama mita moja na nusu tu, awali walimkataa timu ya taifa kwa ufupi wake, na kwa vipele vyake vya bekhendi, upande wa nyuma ya mkono, akabeba dhahabu nne za Olimpiki, Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Huo utauitaje sio mpira? Na kujihami sio kwa wanawake peke yao, Joo Se-hyuk wa Korea Kusini, mwanaume, alifika fainali ya dunia Paris 2003 akiwa mtu wa kukata mipira, yaani kuizungusha kinyumenyume, kutoka nyuma kabisa.

Sasa tiba. Vipele virefu, nadhani ndivyo vya dada huyo, haviung'ang'anii mpira, kwa hiyo mzunguko uliouweka wewe unaendelea kuzunguka vilevile, ila kwa vile mpira sasa unakuja kwako, topspini yako inakurudia ikiwa imekatwa, na ukizidi kupiga nguvu ndio unazidi kukatika, wewe unapiga tena moja kwa moja, neti. Ukiukata wewe, unarudi mtupu bila mzunguko au una topspini kidogo, ukikata tena unapaa na hapo anakumaliza. Kwahiyo ukishapiga topspini moja, mpira unaofuata unyanyue kutoka chini au usukume taratibu, usiugombanie. Sevu zako, mipira ya kuanzia, ziwe ndefu, hazina mzunguko, ziende kwenye vipele, kisha ghafla mpigie kiwikoni ambapo itabidi achague upande. Kabla ya mechi omba kuiangalia raketi yake, sheria inakuruhusu, shika rangi ya upande wa vipele kichwani manake wengine wanaigeuza mkononi mchezo ukiendelea.

Kingine, kama mnachezea barazani na kusi linavuma, mpira wenyewe una gramu 2.7, hizo topspini za mbali zinapeperuka zenyewe. Aliyebana meza upepo haumsumbui sana. Fungeni upande wa bahari au sogeeni mbele.

SWALI: Mimi mama wa Nachingwea, binti yangu ana miaka 13, mwalimu anamlazimisha arudi nyuma apige kama wavulana, mwenyewe anapenda kucheza mbele. Nimwache?

JIBU: Mama, shikamoo. Mwalimu hajakosea moja kwa moja. Mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000, mwaka 2014 ikaja ya plastiki, mpira ukapungua kasi, kwa hiyo kupiga bapa peke yake hakutoshi kama zamani, na siku hizi wanawake wakubwa kama Sun Yingsha wa China wanapiga topspini nzito kabisa. Ila Sun mwenyewe haikimbii meza. Mtoto wa miaka 13 umrudishe nyuma wakati miguu haijakomaa atakuwa anaikimbilia mipira mifupi tu na kuchelewa. Muombe mwalimu amfundishe topspini akiwa hapohapo mbele, na amwachie acheze na wavulana mara kwa mara, China timu ya wanawake inafanya mazoezi na wanaume, azoee mpira mzito. Akirefuka, umbali wa kusimama atauchagua mwenyewe.